Mwalimu Mpya na Neno "Sijui"

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wanaojitayarisha kwenda mazoezi ya kufundisha. Yamepunguzwa kidogo ili yaingie katika kurasa hizi za Ramadhan.)

  



Nimeombwa na kamati nizungumze machache juu ya TP, yale mazoezi ya kufundisha ambayo kila anayesomea ualimu chuo kikuu lazima ayapitie kabla ya kuhitimu. Wengi wenu mtakwenda mwezi wa Mei, muhula wa pili, inshallah. Wengine hamsomei ualimu, lakini kila likizo mnashika darasa la watoto madrasani, na haya yanawahusu nyinyi pia, pengine zaidi, kwa sababu kwenu hakuna mkaguzi anayekuja kukaa nyuma ya darasa na kalamu nyekundu mkononi. Na wewe unayeyasoma haya ukingojea adhana ya Magharibi, karibu. Sitakuweka sana.

Niseme mapema kwamba mimi si mwalimu wa miaka. Nimefundisha wiki kumi na mbili tu, mwaka 2025, katika shule moja ya kutwa ya kaunti ya Makueni, kando kidogo ya barabara kuu ya Mombasa. Jina la shule siwapi. Walinipokea vizuri, na kosa ninalotaka kuwaeleza leo nililifanya mimi, sikutumwa na mtu.

Masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Na hapa ndipo kiburi kilipoanzia. Mimi mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Kiswahili sikukisoma, nilizaliwa ndani yake. Wenzangu waliokuwa wakienda kufundisha Hisabati na Kemia niliwaonea huruma kwelikweli, nikawa nawaambia, "Poleni jamani, mimi nakwenda kuzungumza tu." Nilidhani kazi yangu ni kufungua mdomo.

Chuoni hutuandaa, siwezi kusema hatuandaliwi. Tunasoma saikolojia ya elimu, tunasoma mbinu za kufundisha, kisha tunafundishana sisi kwa sisi. Unasimama mbele ya wenzako kumi hivi, dakika kumi au kumi na tano, nao wanajifanya ni watoto wa Kidato cha Pili. Tatizo ni kwamba wenzako jibu wanalijua tayari. Tena wanakuonea huruma, maana kesho ni zamu yao. Ukiuliza swali, mikono inapaa kama ya watoto wa chekechea walioahidiwa peremende. Unatoka hapo unajiona mwalimu kamili.

Pia tunafundishwa kuandika azimio la kazi la muhula mzima, na andalio la somo la kila kipindi. Andalio lina safu zake: hatua na muda, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, nyenzo. Ile ya mwalimu tunaijaza mpaka maneno yanapanda ukingoni. Ile ya mwanafunzi kila mtu anaandika yale yale, "kusikiliza na kuandika," kutoka juu hadi chini. Nitairudia safu hiyo baadaye kidogo.

Basi siku ya kwanza nikapelekwa Kidato cha Pili, wanafunzi 52. Mtakumbuka mwaka huo hakukuwa na Kidato cha Kwanza nchini. Watoto wa mwisho kufanya KCPE waliifanya 2023, na wale wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya Tisa. Kwa hivyo hao 52 ndio waliokuwa wadogo wa shule, na nyuma yao hapakuwa na mtu. Mwalimu wa somo alinieleza hivi siku ile ile tukinywa chai ya saa nne: zamani mtoto aliyeshindwa ungeweza kumwambia arudie darasa, hawa warudi wapi? Wao ndio mkia wa 8-4-4, na mwaka 2027 wataingia KCSE wapende wasipende. Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea na chai yangu.

Kipindi ni dakika 40. Nilikuwa nimekesha nikiandaa somo. Nikaingia, nikatoa salamu, nikazungumza Kiswahili kitamu cha kwetu, mfano juu ya mfano, mpaka nikamaliza kila kilichokuwa kwenye karatasi. Nikaangalia saa. Zilikuwa zimepita dakika 17.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kusimama mbele ya watu 52 ukiwa na dakika 23 na huna la kusema, nakuombea Mungu akuepushe. Jasho lilinitoka. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Nikauliza tena, "Kuna swali?" Kimya. Basi nikawasomea maelezo waandike, polepole, koma na nukta, hadi kengele ikaniokoa. Nikatoka nimeridhika. Si wamesema wameelewa? Ijumaa nikawapa zoezi fupi la alama 20, na zaidi ya nusu ya darasa hawakufika 8.

Nimewahi kujiuliza mbona walisema ndiyo. Hawakunidanganya. Lile "Mmeelewa?" si swali kwa mwanafunzi, ni kama salamu. Mtu akikuuliza "Hujambo?" humwelezi habari za jino linalokuuma, unamwambia "Sijambo" mpite. Na mtoto gani atasimama mbele ya wenziwe 51 aseme peke yake hakuelewa? Sasa siulizi hivyo. Nasema, "Nani atatutungia sentensi nyingine mfano wa hii?" kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Kimya cha mwalimu mgeni kinaonekana kirefu kuliko kilivyo, unatamani ukijaze wewe mwenyewe. Hesabu moja mpaka kumi moyoni, usifungue mdomo. Mara nyingi kwenye saba au nane kuna mkono utakaoinuka, na si wa yule hodari wa siku zote.

Wiki ya pili nikapata funzo jingine. Nilikuwa nimeshika kitabu nikasema, "Kitabu hichi mtakikuta maktaba." Kijana mmoja akainua mkono kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ni hiki ama hichi?" Mimi maisha yangu yote nimesema hichi. Mamangu asema hichi, na bibi yangu asema hichi. Lakini kitabu cha shule chasema hiki, na katika karatasi ya pili ya KCSE, ile ya 102/2, matumizi ya lugha peke yake yana alama 40 kati ya 80, na mtahini hakujui kwenu. Mnajua kichekesho chenyewe? Mkutano ulioamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja ya Unguja ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika wapi? Mombasa. Yaani lahaja ya mji huo ilikosa nafasi nyumbani kwake. Siku ile nilicheka nao, nikawaambia wote mna haki, lakini kwenye mtihani andikeni hiki. Niliona nimevuka salama. Kumbe ndani kidonda kilikuwa kimeshaanza: hawa watoto wanaweza kunikamata.

Sasa nifike kwenye lile nililolijia.

Wiki ya tatu tulikuwa na ngeli. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba neno likianza kwa ki- katika umoja na vi- katika wingi, basi ngeli yake ni KI-VI. Kiti hiki, viti hivi. Kisu hiki, visu hivi. Wakawa wanaimba pamoja nami, darasa limechangamka. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye tangu nifike hakuwa amesema neno, akainua mkono.

"Mwalimu, na kiboko wa mtoni? Ni kiboko hiki ama kiboko huyu?"

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Kibokoni! Sikio langu lilijua pale pale kwamba ni kiboko huyu. Hakuna mtu kwetu atakayekwambia kiboko hiki kimezama. Lakini kanuni niliyoiandika ubaoni kwa mkono wangu ilisema hiki, na sababu ya kuivunja sikuwa nayo. Nikamwambia, "Kiboko huyu." Akasema, "Lakini mwalimu, kinaanza kwa ki-, na wingi ni viboko." Nikamwambia, "Ndivyo ilivyo." Yeye hakuketi. Alitazama meza yangu, ambapo mwalimu wa kipindi kilichotangulia alikuwa ameacha fimbo yake, akauliza kwa nia safi kabisa, "Na hicho kiboko cha mezani je, hicho ni hiki?"

Darasa lote likapasuka kwa kicheko.

Leo nikilikumbuka swali lile nasema ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki zote kumi na mbili. Mtoto wa kijijini, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, amepata neno moja lenye ngeli mbili kwa maana mbili, akaziweka kando kando ili tuzione. Wapo wahadhiri wanaotafuta mfano kama huo wasiupate. Lakini siku ile mimi sikusikia swali. Nilisikia kicheko. Nikaona nimevuliwa nguo mbele ya watu. Nikamwambia, "Toka nje. Piga magoti hapo mpaka kipindi kiishe."

Alitoka. Akapiga magoti barazani, kwenye simiti, dakika kama 25. Mimi nikaendelea na kisu na kikombe. Hakuna mwingine aliyeinua mkono siku ile, wala siku iliyofuata.

Nilipofika chumba cha walimu, mmoja wao aliyekuwa amepita barazani akanipiga bega, "Sasa umeanza kuwa mwalimu." Hakusema kwa ubaya. Alinisifu. Na hiyo sifa ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilijaribu kujitetea kwanza, kama afanyavyo kila mtu. Nikajiambia mimi sikumpiga. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, hilo sote twalijua, nami fimbo ile sikuigusa. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikuishia kwenye fimbo. Inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa namna yoyote, ya mwili au ya nafsi, na anayepatikana na hatia aweza kutozwa hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Kumpigisha magoti mtoto wa watu kwenye simiti mbele ya wapita njia kwa sababu ya swali, hiyo mnaiita nini? Nawatajia sheria kwa sababu najua baadhi yenu mtakwenda shule ambazo fimbo bado iko mezani, na mtaambiwa hapa bila hiyo hawasomi. Jueni tu kwamba siku mambo yakiharibika, aliyekuambia hayo hatasimama nawe kizimbani.

Lakini si sheria iliyonikosesha raha. Nilikumbuka chuo.

Nilipokuwa na miaka kama minane hivi nilikuwa nasoma Kurani kwa maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, mzee ambaye mengi mema niliyo nayo ni ya mkono wake. Siku moja nilifika kwenye neno "swalat" ndani ya msahafu nikaona limeandikwa kwa wau, na sisi tunalisoma kwa alifu. Nikauliza, maalim, mbona hapa pana wau na tunasoma aa? Jibu lilikuwa bakora moja ya bega na maneno "Soma!" Nikasoma. Nimeendelea kusoma mpaka nikahitimu madrasa, na sikuuliza tena swali mbele ya mwalimu yeyote kwa miaka mingi. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba hayo ni maandishi ya msahafu kama yalivyopokelewa tangu zama za Sayyidna Uthman (RA), yana kanuni zake na yana vitabu vyake, na maneno kama zaka na uhai nayo yameandikwa hivyo hivyo. Swali langu lilikuwa na jibu. Sasa nafikiri maalim wetu hakulijua tu, na hakujua namna ya kusema hakulijua mbele ya watoto thelathini. Simlaumu. Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya chuo kikuu na nimefanya yale yale.

Na hapa, ndugu zangu, sisi tuliosoma madrasa hatuna pa kujificha, kwa sababu tumesomeshwa kinyume chake. Mnaijua habari ya Muawiya bin al-Hakam (RA), iko katika Sahih Muslim. Alisali nyuma ya Mtume (SAW), mtu akapiga chafya, yeye akamwombea rehma kwa sauti humo humo ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho, akazidi kusema, wakawa wanapiga mapaja ili anyamaze. Sala ilipokwisha, akasema mwenyewe kwamba hajamwona mwalimu mwema zaidi kabla yake wala baada yake: hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana, alimweleza tu kwamba ndani ya sala hapafai maneno ya watu, na akamweleza panapofaa nini. Tazameni kwamba wenziwe wote walishamwonea haya. Mwalimu peke yake ndiye aliyemwona kuwa ni mtu ambaye bado hajafundishwa.

Na juu ya neno "sijui," inasimuliwa kuhusu Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 179 Hijria, kwamba aliulizwa masuala 48, akajibu katika 32 kuwa hajui. Huyo ni Imam Malik. Mimi wa TP naona haya kusema sijui juu ya kiboko!

Usiku ule nikatafuta. Nikasoma sarufi kwenye simu mpaka bando likaisha, nikampigia mwenzangu mmoja wa chuo aliye mzuri wa isimu. Ilikuwa jambo la dakika tano: majina ya watu na wanyama huchukua upatanisho wa A-WA hata yakiwa na ki- mwanzoni. Ndiyo maana twasema kipofu huyu, kijana huyu, kipepeo huyu. Mnyama ni kiboko huyu, viboko hawa. Fimbo ni kiboko hiki, viboko hivi. Kifaru naye ni hivyo hivyo: wa porini ni huyu, wa jeshi ni hiki.

Kesho yake niliingia darasani kabla ya kengele. Msichana alikuwepo, ameinamia daftari. Nikasimama mbele nikawaambia hivi: jana niliulizwa swali zuri, jibu lake sikulijua, na badala ya kusema sijui nikamwadhibu aliyeuliza. Kosa ni langu. Nikamtazama nikamwambia, "Nisamehe." Sitawaficha, magoti yalinitetemeka kuliko siku ya kwanza. Nilitarajia wacheke, na hawakucheka. Walinitazama kama wasioamini walichosikia.

Kisha nikafuta ile kanuni yangu ya herufi kubwa. Nikapiga mstari katikati ya ubao, upande mmoja nikaandika "huyu," wa pili "hiki," nikawagawa makundi manne manne, nikawaambia leteni maneno yanayoanza kwa ki- au ch-, kila kundi liamue yaende upande gani na liseme kwa nini. Nikakaa kimya. Ndani ya dakika chache darasa lilikuwa kama soko la Kongowea. Kiongozi, kisima, kiziwi, chura, chungu. Kundi moja likauliza, "Mwalimu, mti unaishi na unakua, mbona si huyu?" Nikasema, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu, "Sijui. Tuangalie pamoja." Tukaja kuona kwamba lugha haihesabu uhai tu, inahesabu watu, wanyama, ndege, samaki na wadudu, na mimea imeachwa upande wake. Kundi jingine likaleta "kitoto." Hapo ugomvi ulikuwa wa kweli, maana kitoto kina uhai, lakini katika hali ya udogo twasema kitoto hiki kinalia. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana, na wawili walinifuata mpaka mlangoni. Dakika 40 zote zilikwisha, nami sijui kama nilizungumza hata kumi.

Mkaguzi kutoka chuo, kama ilivyo desturi ya wakaguzi, siku hiyo hakuwepo. Alikuwa ameshakuja wiki ya pili, akanipa alama 58 na akazungushia duara jekundu ile safu ya shughuli za mwanafunzi, kila mahali nilipoandika "kusikiliza na kuandika." Nilikasirika wakati ule, nikadhani ananionea kwa karatasi. Baada ya siku ya vikundi ndipo nilipolielewa lile duara. Kwa hivyo nawaomba, mkiketi usiku kuandika andalio, anzeni na safu hiyo kwanza, watoto watafanya nini dakika ya kumi, dakika ya ishirini, kisha ndio mjaze yenu. Utashangaa maneno yako yanavyopungua.

Mengine nayapitia haraka. Jifunze majina. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi, andika majina, iweke chini ya kitabu, mimi wiki mbili zilinitosha kwa watoto 52, na kelele ya nyuma ya darasa hupungua nusu siku unapomwita mtu kwa jina lake badala ya "wewe wa sweta." Beba chaki zako mwenyewe. Tafuta mapema chumba cha kupanga, na weka akiba, maana TP hailipwi na mkopo wa HELB hauna haraka na mtu. Ulizia msikiti ulipo na nauli ya bodaboda ya Ijumaa, na umweleze mapema anayepanga ratiba, kwa upole, ili mchana wa Ijumaa asikupe kipindi. Mimi niliomba na nikapewa bila tatizo.

Na mshahara? Najua wengine mnangoja niutaje. Baada ya kuhitimu utasajiliwa na TSC, kisha utasubiri, na wengi huanzia kwenye ule mkataba wa mafunzo ya kazini, ambao mwaka 2024 ulikuwa wa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyefundisha shule za sekondari msingi. Mwaka 2024 wenzetu waligoma kwa ajili hiyo. Hilo lina mazungumzo yake na haki zake, na si la leo. Nimelitaja ili mtu asije akaniambia nimepamba.

Nirudi kwa yule msichana, nimalizie. Pengine mnatarajia niseme kwamba tangu siku ile alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Hapana. Hakuuliza tena kwa sauti mpaka nilipoondoka. Nilimwomba msamaha na alinisamehe, naamini, lakini lile la simiti halikufutika kwa neno. Alichofanya ni kwamba kila nikikusanya madaftari, ndani ya lake nakuta kipande cha karatasi kimekunjwa mara nne, kina swali. Mbona jino ni meno na jicho ni macho? Mbona tunasema "njoo" na si "kuja"? Nilikuwa najibu nyuma ya karatasi ile ile na kuirudisha, na pale nisipojua naandika sijui, nipe mpaka Jumatatu.

La mwisho alinipa wiki ya mitihani, na nimekuja nalo hapa. Anauliza hivi: "Mwalimu, pika ikiwa amri ni pika, na soma ni soma. Mbona leta ni lete?" Nimeshauliza wawili watatu chuoni na kila mmoja amenijibu kwamba ndivyo ilivyo. Barua ya kwenda Makueni nataka kuituma kabla ya shule kufungwa Aprili, kwa hivyo mwenye kujua aje tukutane baada ya Tarawehe.